Mganga hajigangi: Nani anaangalia afya ya mfamasia wa kesho?

KIJIJI cha Lupaso, wilayani Masasi mkoani Mtwara, kinafahamika kwa Watanzania wengi kwa sababu moja kubwa, kwamba ndiko kwao Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin William Mkapa. Julai 29, 2020 viongozi wa kitaifa, viongozi wa dini na wananchi kutoka kila pembe ya nchi walikusanyika kijijini hapo kumzika kiongozi huyo, aliyefariki dunia Julai 24 mwaka huo jijini Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka 81.

Misafara ya wakubwa ilipoondoka, Lupaso ilibaki na maisha yake ya siku zote: mashamba ya mikorosho na mihogo, watoto wanaokwenda shule, na wagonjwa wanaotafuta dawa. Na katika hilo la mwisho ndipo linapozaliwa swali ambalo halipewi nafasi ya kutosha katika mijadala ya sekta ya afya nchini. Yule kijana atakayesimama dirishani kesho kumpa mgonjwa wa Lupaso dawa, ambaye leo yuko chuoni akisomea famasia, anaishije? Anakula nini? Analala saa ngapi? Na anapougua yeye mwenyewe, anakwenda kwa nani?

Kwa haraka swali hilo linaweza kuonekana dogo mbele ya matatizo mazito ya upungufu wa dawa, uhaba wa watumishi na umbali wa vituo. Hata hivyo, ukilitazama kwa makini utaona kwamba linagusa usalama wa mamilioni ya wananchi ambao mtu wa kwanza wanayemwendea wanapougua si daktari, bali ni mtoa dawa.

Historia ya eneo hilo inaonyesha kwamba huduma ya afya imekuwa ikitegemea watu kabla ya kutegemea majengo. Mwaka 1935 daktari Mwingereza, Leader Stirling, alifika Lulindi, katika wilaya hiyo hiyo ya Masasi, akaanza kutibu na kupasua katika mazingira duni kabisa ya misheni, huku vijana wa huko wakifundishwa uuguzi. Miaka mingi baadaye, kati ya 1975 na 1980, daktari huyo alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Wamisionari wa Kibenediktini nao walijenga Ndanda hospitali ambayo hadi leo inatibu wagonjwa kutoka Masasi, Newala na hata mkoa jirani wa Lindi.

Mkapa mwenyewe aliacha alama katika sekta hiyo. Ni wakati wa utawala wake, mwaka 1999, ukimwi ulipotangazwa kuwa janga la taifa, na mwaka huo huo ikatungwa sheria iliyounda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Tume ya Taifa ya Kudhibiti Ukimwi (TACAIDS) iliundwa mwaka 2001, na sheria iliyozaa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), ambayo tangu mwaka 2019 ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ilipitishwa mwaka 2003. Alipotoka madarakani, taasisi yenye jina lake iliyoanzishwa mwaka 2006 ilijikita katika kupeleka wataalamu wa afya kwenye wilaya zenye uhaba mkubwa.

Mantiki ya kazi hiyo ya mwisho ni kwamba zahanati isiyo na mtaalamu ni jengo tu. Lakini mantiki hiyo ina upande wa pili ambao haujadiliwi. Mtaalamu naye ni mwili na akili, na tabia zake za kiafya hazianzi siku anapoajiriwa. Zinajengeka chuoni, katika miaka mitatu au minne ya kukesha, kukimbizana na ada, na kujifunza majina ya mamia ya dawa.

Kijana wa Masasi au Newala anayetaka shahada ya famasia hana budi kwenda mbali na kwao. Mafunzo hayo yalianza Muhimbili mwaka 1974, na katika miongo ya karibuni yamesambaa hadi vyuo vikuu vya Mwanza, Dodoma na vingine vya Dar es Salaam. Safari yenyewe imekuwa nyepesi tangu Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 na kuwaondolea watu wa Kusini adha ya kivuko. Lakini kufika chuoni ni jambo moja, na kuishi huko ni jambo jingine.

Hapo ndipo kalenda ya korosho inapokutana na kalenda ya chuo. Mwaka wa masomo katika vyuo vikuu kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba. Minada ya korosho nayo huanza Oktoba. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08, mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, zikakusanywa ghalani na kupigwa mnada kupitia vyama vikuu kama MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, na TANECU kwa Tandahimba na Newala. Mfumo huo umemsaidia mkulima kupata bei ya ushindani, lakini maana yake pia ni kwamba fedha haziingii mfukoni siku ile gunia linapotoka nyumbani.

Kwa hiyo mzazi anadaiwa ada na kodi ya chumba cha mwanawe wakati fedha yake ingali ghalani. Mfano mkubwa zaidi ni wa msimu wa 2018/19, wanunuzi walipogoma kupandisha bei na Serikali, Novemba 2018, ikatangaza kununua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo. Uhakiki wa wakulima ulichukua muda, na malipo kwa baadhi yao yaliendelea hadi ndani ya mwaka 2019. Familia zilizokuwa na vijana vyuoni zilijua uzito wa kusubiri huko bila kuelezwa na mchumi yeyote.

Ni kweli kwamba Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) imewaokoa wengi, na kwamba fedha za kujikimu, maarufu kwa wanafunzi kama "bumu", zilipandishwa mwaka 2022 kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Lakini si kila mwombaji hupata mkopo, na si kila anayepata hupewa kwa asilimia zote. Aidha, sehemu kubwa ya vijana wanaosomea dawa hawako vyuo vikuu. Wako katika vyuo vya kati wakisomea cheti na stashahada, ngazi ambazo kwa miaka mingi zilikuwa kwa kiasi kikubwa nje ya utaratibu wa mikopo. Hao ndio watakaokuwa mafundi dawa sanifu na wasaidizi wao, ambao mwananchi wa kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukutana nao kuliko mfamasia mwenye shahada.

Matokeo ya hali hiyo yana majina yake katika lugha ya vyuoni. Kuna "kupiga pasi ndefu", yaani kuunganisha kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha jioni katika mlo mmoja. Kuna "kubebana", yaani wanafunzi wawili au zaidi kulala katika nafasi iliyokusudiwa mtu mmoja. Na kuna hofu ya "kudisko", yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, ambayo humfanya mwanafunzi aone usingizi kuwa adui wa cheti chake.

Mambo hayo huwakabili wanafunzi wa fani zote. Kinachomtofautisha mwanafunzi wa famasia ni kwamba yeye ana njia ya mkato mkononi. Mwanafunzi wa sheria akiumwa kichwa huuliza afanye nini. Mwanafunzi wa famasia anaona hana haja ya kuuliza. Amesoma dawa, anajua kundi lake, anajua kipimo chake, na mara nyingi anamjua mwenye duka. Tafiti zilizofanywa katika nchi nyingi duniani zimeonyesha kwamba kujitibu bila kumwona daktari ni jambo la kawaida miongoni mwa wanafunzi wa fani za afya, na kwamba sababu wanayoitoa mara kwa mara ni hiyo hiyo: kwamba wanajua.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Wengi huutumia msemo huo kwa kejeli, kumcheka mtaalamu anayeshindwa kujisaidia. Lakini unaweza pia kusomwa kama tahadhari, kwamba anayeugua hawezi kuwa hakimu mwema wa ugonjwa wake hata kama ndiye mwenye elimu. Maumivu na haraka vinapunguza uangalifu wa yeyote, na hofu ya mtihani wa kesho inamsukuma mtu kuchagua kinachotuliza badala ya kinachotibu.

Chukua mfano wa homa. Kwa vizazi vingi homa ilihesabiwa kuwa malaria moja kwa moja. Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 baada ya vimelea kuizoea, ikahamia kwenye SP, kisha mwaka 2006 ikaingia kwenye dawa ya mseto. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) likashauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe. Mwanafunzi wa famasia anaijua historia hiyo pengine kuliko raia mwingine yeyote wa umri wake. Hata hivyo, akipata homa saa nne usiku, siku mbili kabla ya mtihani wa famakolojia, kishawishi cha kumeza mseto bila kipimo ni kikubwa. Kikubwa zaidi ni kishawishi cha kuacha dozi akipata nafuu siku ya pili, wakati dozi kamili ni ya siku tatu na humezwa mara sita.

Huo ni upande mmoja. Mwanafunzi anayepiga pasi ndefu hupata maumivu ya tumbo, akaamua ni vidonda, akaanza kumeza vidonge vya kupunguza asidi kwa wiki kadhaa bila kuchunguzwa. Kichwa kikimuuma kwa sababu ya kukosa usingizi, humeza dawa za maumivu kama diklofenaki akiwa na njaa, wakati ni dawa hizo hizo zinazoweza kuuchubua ukuta wa tumbo na kuziumiza figo zikitumiwa ovyo. Koo likiwasha, hununua vidonge vichache vya amoksilini, ingawa maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi, ambavyo antibiotiki haviwezi.

Halafu lipo suala la kukesha. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi kwa usiku mmoja. Mwanafunzi anayelala saa tatu au nne huanza na kahawa, akaingia kwenye vinywaji vya kuongeza nguvu, na moyo unapomwenda mbio usiku wa manane akashindwa kulala hata pale anapotaka. Hatua inayofuata ndiyo ya hatari zaidi, nayo ni kutafuta kidonge cha usingizi. Dawa za kundi la diazepamu, na dawa kali za maumivu kama tramadoli, zinadhibitiwa kwa sababu zinazoea mwili na mwili unazizoea. Aliye karibu na kabati la dawa yuko karibu pia na mtego huo, na mara nyingi aibu ya taaluma humzuia kusema kwamba amenaswa.

Mambo ya faragha nayo yamo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, maarufu kama P2, vimekuwa vikitumiwa na vijana wa vyuo kana kwamba ni njia ya kawaida ya uzazi wa mpango. Anayesomea dawa anajua kwamba vimekusudiwa dharura, ndani ya saa 72, na kwamba havimkingi mtu na virusi vya ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Kujua huko hakumfanyi awe tayari kwenda kliniki, hasa kama mhudumu wa kliniki hiyo ni mtu wanayekutana darasani au wodini.

Sasa, kwa nini mambo haya yawe habari ya Lupaso na si ya mabweni tu? Jibu liko katika namna Watanzania wanavyopata dawa. Katika vijiji na miji midogo, duka la dawa ndilo kituo cha kwanza. Kabla ya mwaka 2003 maduka hayo yaliitwa maduka ya dawa baridi, yakiruhusiwa kuuza dawa chache zisizohitaji cheti cha daktari, ingawa mengi yaliuza zaidi ya hapo kwa siri. Mwaka huo Serikali ilianza mkoani Ruvuma mpango wa Duka la Dawa Muhimu, ambapo mtoa dawa hupewa mafunzo maalumu, duka hukaguliwa na kuruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti, zikiwamo antibiotiki kadhaa. Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyofuata mapema, na baadaye mpango ukaenea nchi nzima chini ya Baraza la Famasia.

Mpango huo umesogeza dawa karibu na mwananchi. Lakini pia umeweka uamuzi mzito mikononi mwa mtu mmoja aliyesimama nyuma ya meza, mara nyingi akiwa peke yake, kuanzia asubuhi hadi usiku. Mama anafika na Sh1,000 akitaka vidonge vinne vya antibiotiki kwa mtoto mwenye kikohozi. Mtoa dawa ana njia mbili. Anaweza kumuuza na kumaliza, au anaweza kutumia dakika kumi kumweleza kwamba vidonge vinne si dozi, kwamba kikohozi hicho huenda hakihitaji dawa hiyo, na kwamba mtoto akianza kupumua kwa shida awahishwe zahanati.

Njia ya pili inahitaji elimu, lakini inahitaji pia mtu aliyelala, aliyekula, na ambaye mwenyewe anaamini anachokisema. Aliyezoea kwa miaka minne kumeza vidonge vinne vya antibiotiki kila koo linapowasha hataona uzito wa kumkatalia mama huyo. Si kwamba amesahau somo. Ni kwamba maisha yake yamemfundisha somo jingine, na hilo ndilo lililokaa.

Gharama ya somo hilo la pili imeshapimwa. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi kwa uwiano wa watu wake. Septemba 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana mjini New York kuchukua hatua dhidi ya tatizo hilo. Tanzania ilikuwa na mpango wake wa kitaifa tangu mwaka 2017. Mipango yote hiyo, mwisho wa safari, inategemea mazungumzo ya dakika kumi katika duka la Masasi, Newala au Lupaso.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inamdekeza mwanafunzi. Watasema kwamba kizazi cha akina Mkapa kilisoma kwa shida kubwa zaidi, kikatembea maili nyingi kwa miguu na kula uji bila sukari, na bado kikajenga nchi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, kwani ugumu wa maisha peke yake haumharibu mtu. Lakini wanafunzi wa shule za bweni za misheni wa wakati ule, pamoja na dhiki zao, walikuwa na kengele ya kulala, bwalo la chakula, michezo ya jioni na zahanati ya shule. Kijana wa leo anayepanga chumba pembeni ya jiji ana uhuru wote na hana hata kimoja kati ya hivyo.

Wengine watasema kwamba bima ya afya ipo. Vyuo vingi vimekuwa vikimtaka mwanafunzi alipie bima ya NHIF, kwa kiwango kilichozoeleka cha Sh50,400 kwa mwaka. Hilo ni jambo jema na linapaswa kulindwa, hasa wakati huu ambapo nchi imeingia katika utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Ila kadi ya bima hukata tatizo la fedha tu. Haikati tatizo la foleni ya asubuhi nzima wakati kuna kipindi cha maabara, wala haikati fikra kwamba mtu wa dawa akionekana kwenye foleni ya wagonjwa amejishushia hadhi.

Madaktari duniani walishaliona tatizo la aina hii kwa upande wao. Oktoba 2017, katika mkutano wao uliofanyika Chicago, Marekani, Chama cha Madaktari Duniani kilirekebisha kiapo kinachojulikana kama Azimio la Geneva na kuongeza ahadi kwamba daktari atatunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma iliyo bora. Kwa karibu miaka 70 kiapo hicho kilizungumzia wajibu wa daktari kwa wengine bila kutaja mwili wake mwenyewe. Marekebisho hayo hayakuletwa na anasa. Yalitokana na kutambua kwamba mtoa huduma aliyechoka hukosea, na kosa lake hulipwa na mgonjwa.

Kwa wafamasia hoja hiyo ina nguvu ile ile. Machi 2017 WHO ilizindua kampeni ya dunia ya kupunguza madhara yanayotokana na makosa ya dawa, ikilenga kuyapunguza kwa nusu katika miaka mitano. Majina ya dawa yanayofanana, desimali iliyosomwa vibaya, mtoto aliyepewa kipimo cha mtu mzima, yote hayo ni makosa ambayo huzaliwa kwa urahisi zaidi mahali penye uchovu na haraka.

Nini basi kifanyike? Jambo la kwanza liko ndani ya uwezo wa vyuo na halihitaji fedha nyingi, nalo ni kutenganisha huduma ya ushauri nasaha na mamlaka ya nidhamu. Mwanafunzi hawezi kumweleza mtu kwamba anatumia vidonge vya usingizi ikiwa mtu huyo huyo ndiye atakayekaa katika kikao cha kuamua hatima yake ya masomo.

Pili, somo la maadili ya taaluma lianze na maisha ya mwanafunzi mwenyewe. Katika mwaka wa kwanza, kabla ya kumfundisha namna ya kumshauri mgonjwa, aulizwe lini mara ya mwisho alimeza dawa bila kupimwa, na kwa nini. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo hutolewa kwa dozi tatu, ikamilishwe kabla hajapelekwa wodini, na isiachwe kuwa jukumu la mwenye fedha.

Tatu, Chama cha Wanafunzi wa Famasia Tanzania (TAPSA), ambacho kimekuwa kikishiriki kampeni za kuelimisha umma juu ya matumizi sahihi ya dawa, kina nafasi ya kugeuza kampeni hizo ndani. Septemba 25 ya kila mwaka, Siku ya Wafamasia Duniani, wanafunzi huvaa fulana na kwenda masokoni na mashuleni kupima watu shinikizo la damu na kutoa elimu. Meza moja ya kupima ikibaki bwenini, haitakuwa ubinafsi. Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza, uliozinduliwa Novemba 2019, unawahusu vijana wanaokaa kutwa nzima na kula chipsi usiku kama unavyowahusu wazazi wao. WHO inashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ambazo ni chini ya nusu saa kwa siku.

Nne, na hili ni la watu wa Kusini hasa, ratiba za malipo ya ada zinaweza kusomeka pamoja na ratiba ya minada. Chuo kinachojua kwamba mwanafunzi wake anatoka Masasi, Newala au Tandahimba kinaweza kukubali malipo kwa awamu hadi korosho zilipwe, bila kumzuia kuingia darasani au kwenye mtihani. Vyama vya ushirika navyo, ambavyo vinajua nani amepeleka kilo ngapi ghalani, vinaweza kuthibitisha kwa barua kwamba fedha ya mzazi ipo njiani. Barua ya aina hiyo ingemwondolea kijana miezi miwili ya pasi ndefu.

Tano, wazazi wenyewe wana sehemu yao. Katika familia nyingi, kijana anayesomea dawa hugeuzwa daktari wa ukoo tangu mwaka wa kwanza. Simu hupigwa kutoka kijijini: bibi anaumwa mgongo, mjomba ana presha, mtoto ana upele, tutumie dawa. Ni nadra simu hiyo kumuuliza yeye kama amekula. Kumuuliza swali hilo hakugharimu zaidi ya muda wa maongezi, na huenda likawa swali pekee la afya atakaloulizwa muhula mzima.

Katika siku za msiba wa Mkapa, familia yake ilieleza kwamba kiongozi huyo alikuwa amejisikia vibaya, akaenda hospitali, akapimwa na kukutwa na malaria, akalazwa na kuanza matibabu, na kwamba kilichomwondoa ni moyo kusimama. Maelezo hayo mafupi yanakusanya pamoja mizigo miwili ya afya inayoikabili Tanzania ya leo, ule wa zamani wa maambukizi na ule mpya wa moyo na mishipa. Mtoa dawa wa kesho atakutana na yote miwili katika dirisha moja, na mara nyingi katika mwili wa mgonjwa mmoja.

Kumwandaa kwa kazi hiyo ni zaidi ya kumjaza majina ya dawa. Mkulima wa Lupaso anayeuza korosho ili mwanawe akasomee famasia anatarajia arudi na elimu, lakini anatarajia pia arudi mzima. Wahenga waliposema mganga hajigangi, hawakumaanisha kwamba aachwe augue. Walimaanisha awepo wa kumganga, na kwa mwanafunzi wa famasia mtu huyo, katika vyuo vingi, bado anatafutwa.